Ving'ora vya wazimamoto wa kujitolea na usingizi wa majirani

KATIKA miji midogo ya Marekani, hasa kwenye majimbo ya Pennsylvania, New York na New Jersey, si ajabu mtu kuamshwa saa nane za usiku na mlio unaoanza kama mngurumo, ukapanda hadi ukatoboa masikio, ukashuka, kisha ukapanda tena. Mlio huo hautoki kwenye gari linalopita barabarani na kwenda zake. Unatoka juu ya paa la kituo cha wazimamoto, au kwenye mlingoti uliosimikwa kando yake, katikati ya nyumba za watu, nao huweza kuendelea kwa dakika kadhaa.

Hicho ni king'ora cha kuwaita wazimamoto wa kujitolea. Kwa wanaokitetea, ni sauti ya jamii inayojitunza yenyewe bila kungoja serikali. Kwa majirani wa kituo, hasa wanaozeeka, wanaolea watoto wachanga au wanaofanya kazi za zamu, ni adha isiyokuwa na sababu katika zama ambazo kila mtu ana simu mfukoni. Mabaraza ya miji yamekuwa yakiijadili kadhia hii kwa miaka mingi, na ni nadra kikao cha aina hiyo kumalizika bila watu kurushiana maneno makali.

Msomaji wa hapa nchini huenda akalishangaa jambo hili. Kwetu, zimamoto ni idara yenye waajiriwa wa mshahara, na malalamiko tuliyozoea kuyasikia ni kwamba gari limechelewa au limefika bila maji. Lakini Wakenya wengi wamehamia majimbo hayo ya Marekani, na baadhi yao wamejikuta wakiishi hatua chache kutoka kwenye mlingoti kama huo. Kwa hivyo ni vyema kueleza king'ora hicho kilitoka wapi, hufanya kazi vipi, na kwa nini hakijanyamazishwa.

Wanaoitwa ni akina nani?

Nchini Marekani, wengi wa wanaozima moto hawalipwi mshahara. Kwa mujibu wa makadirio ya Chama cha Kitaifa cha Kukinga Moto (NFPA), nchi hiyo ilikuwa na wazimamoto wapatao 1,041,200 mwaka wa 2020. Kati yao 676,900, yaani asilimia 65, walikuwa wa kujitolea. Mwaka wa 1984 idadi ya wanaojitolea ilikuwa 897,750. Katika kipindi hicho hicho watu wa nchi hiyo waliongezeka kutoka takriban milioni 236 hadi milioni 331. Takwimu hizo zafaa kukumbukwa, maadamu ndizo zinazoufanya mjadala wa kelele kuwa mzito kuliko unavyoonekana. Vikosi vinapungukiwa na watu, na viongozi wake wanaogopa kupoteza chochote kinachomfikisha hata mmoja kituoni.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko taifa hilo. Mwaka wa 1736, Benjamin Franklin na wenzake waliunda kikosi cha Union Fire Company mjini Philadelphia, ambacho kila mwanachama wake alipaswa kuwa na ndoo za ngozi tayari nyumbani. Hadi leo mzimamoto wa kujitolea ni fundi wa magari, mwalimu, mkulima au karani wa benki. Usiku kituo huwa kimefungwa, magari yamo ndani, na hakuna mtu. Moto ukizuka, mpokezi wa simu za dharura hana budi kumtafuta kila mmoja pale alipo: kitandani, shambani au kanisani. Naye huvaa viatu, huwasha gari lake mwenyewe na kukimbilia kituoni. Wakitimia wa kutosha ndipo gari la moto huondoka.

Muda ndio adui. Kiwango cha NFPA kwa vikosi vya kujitolea, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2001, kilitaka watu 15 wawe wamefika kwenye moto ndani ya dakika 9 katika maeneo ya mjini yenye watu wengi, na watu 6 ndani ya dakika 14 mashambani. Wakati huo huo moto wenyewe umekuwa mwepesi zaidi. Katika majaribio ya maabara ya Underwriters Laboratories (UL), sebule iliyojazwa samani za kisasa zenye sponji na plastiki ilishika moto chumba kizima kwa mpigo katika muda usiotimia dakika 4. Sebule yenye samani za zamani, za mbao na pamba, ilichukua zaidi ya dakika 29. Anayesema kwamba dakika moja ya kumwamsha mzimamoto si kitu hajaziona takwimu hizo.

Kutoka kengele hadi king'ora

Kabla ya umeme, watu waliitwa kwa kengele ya kanisa, kwa ngoma, au kwa filimbi ya mvuke ya kiwanda. Miji mingi midogo ilitundika pete kubwa ya chuma iliyotolewa kwenye gurudumu la garimoshi, ikawa inagongwa kwa nyundo. Aliyesoma shule ya msingi hapa kwetu ataielewa mara moja, kwani rimu kuukuu ya gari inayoning'inia mtini ndiyo iliyotuingiza na kututoa darasani.

Mwaka wa 1852 jiji la Boston lilizindua mtambo wa kwanza wa kutoa habari za moto kwa telegrafu, uliobuniwa na William Channing na Moses Farmer. Visanduku viliwekwa barabarani, kila kimoja na nambari yake. Baadaye, miji iliyotumia mfumo huo iliunganisha visanduku na honi au filimbi kubwa zilizotangaza nambari hiyo hewani. Kisanduku nambari 34 kikivutwa, honi ililia mara tatu, ikanyamaza kidogo, kisha ikalia mara nne. Wenyeji walibandika jikoni kadi yenye orodha ya nambari, wakajua moto uko mtaa gani kabla hata gari halijatoka. Kelele hiyo ilikuwa na ujumbe ndani yake. King'ora cha sasa hakimwambii jirani lolote isipokuwa kwamba kuna jambo mahali fulani, na pengine hapo ndipo uvumilivu wa watu ulipoanza kupungua.

Jina la chombo chenyewe, ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia, lilitolewa na mwanafizikia Mfaransa Charles Cagniard de la Tour mwaka wa 1819. Alikiita kifaa chake kwa jina la viumbe wa visasili vya Kiyunani waliowavuta mabaharia kwa nyimbo, kwa sababu kiliweza kulia hata ndani ya maji.

Namna kinavyofanya kazi si vigumu kuielewa. Mota ya umeme huzungusha gurudumu lenye matundu ndani ya kasha lenye matundu vilevile. Matundu yakikabiliana, hewa hufyatuka nje; yakipishana, hewa huzibwa. Kufyatuka na kuzibwa huko kukitokea mara mamia kwa sekunde, sikio husikia mlio mmoja mfululizo. Ukijua idadi ya matundu na kasi ya mota, utajua mlio utakuwa mwembamba au mnene kiasi gani. King'ora cha Kijerumani cha aina ya E57, kilichoenea mno katika nchi hiyo, kina matundu 9 na mota ya mizunguko 2,800 kwa dakika, hivyo hutoa mitetemo 420 kwa sekunde. Chenye matundu 12 na mizunguko 3,450 kwa dakika hufikia mitetemo 690. Ule mpando na mshuko unaowakera watu haukubuniwa na mwanamuziki yeyote. Mota inapowashwa huchukua sekunde kadhaa kufikia kasi yake, na inapozimwa gurudumu huendelea kuzunguka likipunguza mwendo pole pole. Mlio hufuata mwendo wa gurudumu.

Vita Baridi ndivyo vilivyovijaza ving'ora mitaani. Katika miaka ya 1950, Marekani ikiogopa makombora ya Umoja wa Kisovieti, serikali ya nchi hiyo ilisaidia miji kununua mitambo ya kuonya raia. Kampuni ya Chrysler iliunda, mwaka wa 1952, king'ora kilichoendeshwa na injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi 180, na ambacho kilitoa mlio wa desibeli 138 kwa umbali wa mita 30. Vingi havikuwa vikubwa kiasi hicho, lakini nia ilikuwa ile ile: kusikika hadi mwisho wa mji. Kwa kuwa makombora hayakuja, mitambo hiyo iliendelea kutumika kwa kazi ndogo zaidi ya kuwaita wazimamoto. Hivi ndivyo chombo kilichokusudiwa kuonya mji mzima kuhusu maangamizi kilivyopata kuwekwa mita chache kutoka dirisha la chumba cha kulala, kikililia moto wa majani makavu.

Peja zilikuja, king'ora kikabaki

Teknolojia ya kumwita mtu bila kuwaamsha jirani zake si ngeni. Redio ndogo za kupokea wito, zilizowekwa juu ya meza nyumbani kwa mzimamoto, zilianza kutumika katikati ya karne ya 20. Katika miaka ya 1970 zilifuatwa na peja za kufunga kiunoni, maarufu zaidi zikiwa Minitor za kampuni ya Motorola. Siku hizi kuna programu za rununu zinazomwonyesha kamanda ni nani ameitikia, yuko wapi, na atafika baada ya dakika ngapi. Kwa nini basi mlingoti haujang'olewa?

Watetezi wana hoja kadhaa, na si zote zenye uzito sawa.

Ya kwanza ndiyo thabiti zaidi. Peja huishiwa na betri, husahaulika juu ya kabati, na mawimbi yake hayafiki kwenye vyumba vya chini ya ardhi wala katika mabonde ya milima ya Appalachia. Rununu inategemea minara ambayo huweza kuzimika umeme katika dhoruba ile ile iliyoangusha miti na kuleta mkasa. King'ora cha mlingotini kinategemea waya mmoja na mota, na mtu aliye shambani au bafuni atakisikia. Anayesimamia shughuli za uokoaji hufunzwa kuwa na njia mbili za mawasiliano, na mbaya zaidi ni mbili zinazoanguka pamoja.

Ya pili ni kwamba mlio huwatahadharisha madereva na watoto barabarani kuwa magari ya wazimamoto yako njiani. Hoja hii imejaa matundu. King'ora hakionyeshi gari linatokea upande gani, na mtu aliye ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, redio ikiimba, huenda asikisikie kabisa. Isitoshe, wanaokimbilia kituoni wako ndani ya magari yao ya kibinafsi. Katika jimbo la New York, taa ya samawati inayoruhusiwa kwenye magari hayo huwaomba tu wengine wawapishe, wala haimpi mwenyewe ruhusa ya kuvunja sheria za barabarani.

Kuna hoja ya tatu, isiyotamkwa sana lakini pengine ndiyo inayogusa mioyo zaidi. Ni kwamba mlio huo ni tangazo. Kijana anayeusikia tangu utotoni hujua kuwa babake au jirani yake ameacha chakula mezani na kukimbia. Siku king'ora kikinyamaza, mji husahau kwamba una kikosi, na kikosi kilichosahaulika hakipati wanachama wapya wala michango. Hoja hii haipimwi kwa desibeli, na wanaoipuuza hushangaa kuona jambo dogo la kelele likigeuka kura ya kuwapenda au kutowapenda wazimamoto.

Upande wa pili una silaha moja ambayo haikuwapo zamani, nayo ni mabadiliko ya kazi yenyewe. Mwaka wa 1980 idara za zimamoto za Marekani ziliitwa mara milioni 10.8, na karibu milioni 3 kati ya miito hiyo ilihusu moto. Kufikia 2020 miito ilikuwa imepita milioni 36, lakini ya moto ilikuwa takriban milioni 1.4 tu, yaani chini ya 4 katika kila 100. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya wagonjwa: mzee ameanguka, mtu ameshikwa na maumivu ya kifua, mama anajifungua. Kengele za kujiendesha za majengo nazo huita bure. Hivyo basi jirani anayeambiwa avumilie kwa sababu nyumba ya mtu inateketea ana haki ya kuuliza ni mara ngapi inateketea kweli.

Mwili na masikio

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 10 husikika kama sauti iliyozidi maradufu. Kwa upande mwingine, sauti inayotoka mahali pamoja hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa maradufu, ikiwa hakuna kizuizi. Penye nyumba na miti hupungua zaidi, na mwongozo wa serikali ya Marekani kuhusu ving'ora vya tahadhari ulitumia makadirio ya desibeli 10.

Tuchukue king'ora cha kadiri, chenye desibeli 110 kwa mita 30. Kwa mita 240, ambao ni mwendo wa dakika tatu kwa miguu, kitakuwa kimeshuka hadi kati ya desibeli 80 na 92. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 1999 kuhusu kelele katika jamii, lilipendekeza kwamba sauti ya ghafla usiku isizidi desibeli 60 nje ya chumba cha kulala, ili aliye ndani na dirisha lililofunguliwa kidogo asipate zaidi ya 45. King'ora chetu kimezidi kiwango hicho kwa desibeli 20 hadi 32. Kwa sikio, hiyo ni sauti kubwa kuliko inayopendekezwa mara nne hadi zaidi ya mara nane. Na huyo ni mtu aliye mita 240 mbali. Aliye mkabala na kituo hana haja ya hesabu.

Ni kweli kwamba dakika moja au mbili za mlio haziwezi kulinganishwa na barabara kuu inayonguruma usiku kucha. Lakini usingizi haufuati wastani wa saa 24. Mlio wa ghafla huharakisha mapigo ya moyo hata kwa mtu asiyekumbuka asubuhi kwamba aliamka. Waliowahi kuwa vitani, na watoto wenye usonji, huumia zaidi. Kuhusu kupoteza uwezo wa kusikia, hatari kubwa imo karibu kabisa na mlingoti. Mwongozo wa serikali ya Marekani uliweka kikomo cha desibeli 123 mahali popote ambapo mtu anaweza kuwapo. Wazimamoto wenyewe wanalifahamu jambo hili vizuri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, maelfu yao waliishtaki kampuni ya Federal Signal wakidai ving'ora vya juu ya magari viliwaharibia masikio.

Sheria yasemaje?

Anayedhani kwamba atapata kimbilio katika sheria za kitaifa za Marekani atakata tamaa. Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Kelele mwaka wa 1972, na ofisi ya kushughulikia kelele ikaundwa katika shirika la mazingira la EPA. Serikali ya Rais Ronald Reagan iliondoa fedha za ofisi hiyo, ikafungwa mwaka wa 1982. Sheria yenyewe haikufutwa, lakini mzigo uliachiwa majimbo na miji. Nayo miji mingi, inapoandika kanuni za kelele, huanza kwa kuondoa sauti za dharura. Jirani hubaki na njia mbili, baraza la mji na sanduku la kura.

Sisi tuna mpangilio unaokaribiana na huo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka wa 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zimeweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku katika mitaa ya makazi, lakini kelele za kuwatahadharisha watu kuhusu dharura zina msamaha. Jambo la kuvutia ni kwamba Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi zote mbili: kuzima moto na kudhibiti kelele.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Nchi hiyo ina takriban wazimamoto milioni moja wa kujitolea, na ni miji kama mia moja pekee yenye vikosi kamili vya waajiriwa. Wito wa moto kwa king'ora ni milio mitatu ya sekunde 12 iliyotenganishwa na kimya cha sekunde 12, jumla dakika moja. Mnamo Aprili 29, 1988, Mahakama Kuu ya Utawala ya nchi hiyo ilitoa uamuzi katika kesi ya jirani aliyelalamikia king'ora cha wazimamoto. Mahakama ilikubali kwamba chombo hicho, pamoja na umuhimu wake wote, hakiko nje ya sheria ya kukinga watu dhidi ya kelele, na kwamba jirani ana haki ya kudai madhara yanayoepukika yaepukwe. Lakini kinachostahili kuvumiliwa hupimwa kwa kuangalia pia manufaa ya king'ora kwa umma na jinsi jamii inavyokichukulia. Kwa maneno mengine, swali halikuwa tena iwapo moto ni muhimu kuliko usingizi, bali iwapo king'ora kingeweza kuwekwa mahali pengine au kutumiwa kwa namna nyingine bila kuvuruga kazi.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo swali lililo sawa, na miji ya Marekani iliyopata suluhu ilifika hapo bila mahakama. Upo mji uliokubali king'ora kisilie kati ya saa nne za usiku na saa kumi na mbili asubuhi, saa ambazo peja iko kando ya kitanda na kila mwanachama yuko nyumbani. Upo uliopunguza milio kutoka kumi hadi mitatu, au ukakihifadhi kwa moto wa majengo pekee, miito ya wagonjwa ikaachiwa peja. Mlingoti mrefu zaidi nao husaidia, kwa kuwa sauti hupita juu ya nyumba za karibu. Kuhamisha mlingoti ni ghali, na mara nyingi ni kuhamisha malalamiko tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kigumu zaidi ni mgeni aliyenunua nyumba karibu na kituo akijua kilipo, kisha akaanza kulalamika mwezi wa kwanza. Wenyeji humwona kama mpangaji anayehamia kando ya msikiti na kushangaa kusikia adhana. Hata hivyo, kutangulia kufika hakuondoi haki ya mwingine ya kulala, hasa pale kikosi chenyewe kimeongeza miito maradufu tangu alipohamia.

Zipo nchi ambako ugomvi huu haujashika moto. Austria ina miji sita tu yenye vikosi vya waajiriwa, na sehemu nyingine zote hutegemea wanaojitolea. Kila Jumamosi adhuhuri ving'ora hujaribiwa kwa sekunde 15, na watu hurekebishia saa zao. Chile, ambayo kikosi chake cha kwanza kiliundwa Valparaíso mwaka wa 1851, haiwalipi mshahara wazimamoto wake hata katika jiji kuu la Santiago.

Ujerumani nayo ilipata somo la kinyume. Baada ya Vita Baridi kumalizika, serikali kuu ilijiondoa katika kutunza mtandao wa ving'ora vipatavyo 80,000. Vingi vilibomolewa, vilivyosalia ni vile ambavyo wilaya na miji ilivitaka kwa ajili ya wazimamoto, na hata hivyo vingi vilinyamazishwa peja zilipoenea. Julai 2021 mafuriko yalikumba bonde la mto Ahr na maeneo jirani, yakaua zaidi ya watu 180 nchini humo, wengi wakiwa hawakupata onyo la maana. Mpango wa serikali kuu wa takriban euro milioni 90 za kuvirejesha ving'ora ulipata msukumo mpya, na mfumo wa kutuma tahadhari kwa simu zote za eneo moja ukaanza kazi Februari 2023. Ving'ora vipya ni vya elektroniki, vina betri, na huweza kupangiwa sauti tofauti kwa moto na kwa maafa ya umma.

King'ora cha Minden

Kisa kimoja kinaonyesha kwamba kelele haipimwi kwa ukubwa wake pekee. Minden ni mji mdogo katika bonde la Carson, jimbo la Nevada, kwenye ardhi ya kale ya kabila la Washoe. Mwaka wa 1917 ilipitishwa amri iliyowataka Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa, wawe wameondoka mjini ifikapo saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwaka wa 1921 mji ulipata king'ora, na kwa miongo mingi kilikuwa kikilia adhuhuri na saa kumi na mbili jioni, nusu saa kabla ya muda huo wa mwisho. Amri ilifutwa mwaka wa 1974. Mlio wa jioni haukufutwa.

Wakuu wa mji walishikilia kwamba king'ora ni cha wazimamoto, hakikuhusiana na amri, na kwamba mlio wake ni heshima kwa wanaojitolea. Wazee wa Washoe nao walisema kwamba miili yao inaukumbuka mlio huo kwa njia nyingine. Hapa kwetu tusiwacheke. Enzi za ukoloni, neno wazimamoto lenyewe liliwatia watu hofu jijini Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki, kwa kuwa ilivumishwa kwamba hukamata watu na kuwanyonya damu, uvumi ambao mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu mwaka wa 2000. Watu husikia walichofunzwa na maisha.

Mwaka wa 2021 bunge la Nevada lilipitisha sheria ya kukataza ving'ora vilivyohusishwa na amri za aina hiyo. Mji uliuhamisha mlio wa jioni hadi saa kumi na moja, ukaendelea. Wawakilishi walirudi tena na sheria kali zaidi, ambayo Gavana Joe Lombardo aliitia saini mwaka wa 2023. Kwa mujibu wake, king'ora cha Minden hakiwezi tena kulia kila siku kwa kufuata saa. Panapozuka moto kingali chaweza kuwaita wazimamoto.